Mfuko wa Kushoto

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza ya msimu. Ilikuja alasiri na radi zake, ikapiga bati la duka mpaka Angélique, jirani yangu wa saluni, akazima redio bila kuombwa, jambo ambalo sijaliona tangu tuanze kupanga ukuta kwa ukuta hapa Yeoville. Kisha jua likatoka na mtaa mzima ukanuka vumbi lililolowa.

Nimenunua daftari hili kwa sababu nina jambo na sina wa kumwambia. Ummi binti yangu yuko chuo kule Braamfontein na hataki kulisikia. Baba yake yuko kwetu Tanga. Jambo lenyewe ni hili: nataka kununua bastola. Ndogo, ya kufichika ndani ya buibui.

Nikilisoma hapo juu naona kama limeandikwa na mtu mwingine. Mimi ni fundi cherehani, chuma changu ni mkasi.

Jumatano, 16 Oktoba

Niandike ya Julai mara moja, nisiyarudie.

Khatibu mume wangu alirudi Tanga mwaka juzi, mama yake alipopata kiharusi. Alisema miezi mitatu. Alipokuwa hapa, jioni alinipokea kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, pale taxi, daladala za huku, zinaposhusha, tukatembea mpaka nyumbani, yeye daima kushotoni kwangu, upande wa magari. Alipoondoka akawa ananisindikiza kwa simu. Nikishuka tu, inalia. Tunazungumza upuuzi hadi getini. Nikishafunga komeo nasema, "Nimefika," naye anasema, "Alhamdulillahi," tunakata.

Siku ile ya Julai walikuwa wawili, nami nikizungumza naye. Mmoja alinikaba shingo, mwingine akaninyang'anya simu. Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Hawakuikata. Walikimbia nayo, na mimi niko chini, nikawa nasikia sauti ya mume wangu ikiniita kutoka mkononi mwa mwizi, ikipungua barabarani mpaka sikuisikia tena.

Kesho yake alipiga kwa simu ya Ummi, akauliza kama nimeumia, tukalia wote wawili. Tangu hapo hupiga Ijumaa mchana baada ya sala. Hali ya mama, masomo ya Ummi, haya kwaheri. Jioni hapigi tena. Sijamuuliza kwa nini, maana naogopa atanitajia jina la mwanamke.

Alhamisi, 17 Oktoba

Wifi yangu Fauzia, dada yake Khatibu, kapiga nikiwa ndio kwanza nafunga geti. Eti nina mdalasini? Anakaa Mayfair, amezungukwa na maduka ya viungo kulia na kushoto, anauliza mdalasini kwangu mimi Bez Valley. Nikamwambia sina. Akasema haya, na akakata.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo nimekwenda duka la silaha na Emery, kaka yake Angélique. Emery ni mlinzi, anajua mambo haya. Mafunzo nilishafanya Septemba na cheti ninacho, na ukaazi wangu wa kudumu ni wa siku nyingi. Kinachobaki ni kuchagua, kisha kuomba kibali cha bastola hiyohiyo niliyoichagua.

Sikujua kuchagua ni kazi. Zimepangwa kwenye kabati la kioo kama saa za mkononi. Mwalimu wangu, Sisi Busisiwe (sisi kwao ni dada), askari polisi mstaafu mwenye miwani ya kamba, akanitolea moja baada ya nyingine na kuzilaza juu ya kitambaa.

Ya kwanza, ya ishirini na mbili, hicho ni kipimo cha risasi yake. Nyepesi, nzuri, inaingia mkononi kama imenisubiri. Nikaipenda papo hapo.

"Ile iko ya kuchezea, ma sœur," Emery akasema, akiniita dada kwa Kifaransa chao. "Iko na makelele tu. Mwizi ya huku ataiangalia, atacheka, atakuomba na chaji yake."

Ya pili, ya ishirini na tano, ndogo kuliko hata simu yangu, lakini sikuona pa kuishika. Ya tatu ni ile wanayoiita naini shoti: bastola ndogo, risasi yake fupi kuliko ile ya polisi, lakini si ya mzaha. Ya nne ni ya polisi yenyewe, imepunguzwa umbo tu. Nilipoifyatua kule nyuma kwenye shabaha iliruka mkononi, nikapiga dari. Emery akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Kwa ya ishirini na mbili unapata shabaha kila risasi," Sisi Busisiwe aliniambia kwa Kiingereza chake cha polepole; jina langu Kidawa yeye hulitangulizia Mama. "Kwa naini shoti unakosa kidogo, ila ukipata, mtu hasogei tena. Mama Kidawa, kwani unaitakia nini?"

Nikasema kujilinda. Ndiyo jibu la kwenye mtihani. La kweli ni kwamba nataka mtu wa kushuka naye kwenye taxi.

Nikaondoka bila kuchagua.

Jumapili, 3 Novemba

Fauzia jioni: uzi mweusi wauzwaje siku hizi? Kwa nini? Basi tu.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua ya mawe. Gari la Emery limepasuka kioo. Angélique ameimba nyimbo za kanisani mpaka ikaisha, mteja wake katikati ya kusuka, upande mmoja wa kichwa rasta, mwingine msitu.

Jumamosi, 30 Novemba

Dukani tena. Naini shoti nimeiona nzito. Sisi Busisiwe akaleta nyingine ya aina hiyohiyo, nyepesi zaidi. Nikasema kile kichuma cha kuvuta ni kigumu. Akaleta yenye kichuma laini. Nikasema mshikio mpana.

"Haibo, Mama," akasema, akavua miwani. "Mimi nimeuzia bibi wa miaka themanini. Alichagua haraka kuliko wewe."

Nilicheka, lakini kwenye taxi nilijiuliza. Nguo ya mteja naikata bila kupima mara mbili. Kwa nini hapa mkono unasita?

Ijumaa, 6 Desemba

Khatibu kapiga. Mama anakaa kitako sasa, anakula uji mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia hapa mvua zimekolea. Akasema kule joto. Nilimsikia akivuta pumzi kama anataka kusema kitu, nami nikaibana simu sikioni. Akasema, "Haya, Mama Ummi, nisalimie mtoto."

Nimekosa hamu ya kula. Namtaka mume wangu. Nimeliandika, na sioni haya: nataka uzito wake kitandani, nataka kikohozi chake cha alfajiri kilichokuwa kikiniudhi.

Jumatatu, 16 Desemba

Sikukuu. Mji mtupu, wenyeji wamekwenda makwao. Ummi amekuja, amelala mchana kutwa. Alipoamka akaona kijisanduku cha chuma ambacho Emery amenifungia ukutani kabatini, maana bila sefu polisi hawatoi kibali.

"Eish, Ma. Uko serious na hii kitu?"

"Niko serious."

"Baba anajua?"

Nikaanza kukatakata vitunguu. Akanikumbatia kwa nyuma, kidevu begani, kama anavyofanya baba yake, akasema kwa Kiingereza kwamba Baba akijua atapanda basi kesho yake. Nikaendelea kukatakata vitunguu. Nimelifikiria hilo siku nzima.

Jumatano, 18 Desemba

Fauzia: pilau huwa natia iliki nzima au ya kusaga? Mwanamke aliyeolewa miaka ishirini! Nina hakika sasa. Ananichungulia. Kaka yake ameoa kule, na yeye ametumwa kupima kama nimesikia. Kila nikiingia ndani, simu yake. Nilimjibu, "Tia unavyojua, wifi," nikakata kabla yake.

Jumamosi, 11 Januari

Sisi Busisiwe amechoka nami. Amenipa bastola ya plastiki, ya buluu, yenye uzito uleule wa naini shoti, ya kufanyia mazoezi. "Ishi nayo," akasema. "Nenda nayo kila mahali. Mwili wako ndio utachagua."

Akaniuliza nitaiweka wapi. Nikasema kushoto, ndani ya buibui. Akaniambia wewe unatumia mkono wa kulia, weka kulia. Nikasema kushoto. Akaniangalia, akaandika kitu, hakubishana.

Nimeshona mfuko jioni hii. Kitambaa maradufu, mdomo umeinama kidogo mbele, na kifungo cha kubana. Mshono mzuri, sijui nitamwonyesha nani.

Ijumaa, 17 Januari

Wiki moja ya kuishi nayo. Nitasema hivi: waliotengeneza bastola ya kuficha hawakutengenezea watu wa kwetu. Kwetu mtu hasalimiwi kwa mbali. Bi Tabia wa vitenge kaja dukani, kanivuta kifuani, kiuno chake kikagonga plastiki. "Umevaa nini, mwenzangu, kopo?" Nikasema dawa ya mgongo. Nikiinama kumpima mteja inanichoma ubavu. Nikisujudu inatangulia chini kabla ya paji la uso. Msikitini leo nimesimama bega kwa bega na wanawake, nikajisikia nimebeba siri ya aibu, nikatoka bila kumsalimia mtu.

Lakini nikishuka pale kwenye roboti, jioni, magari yakipita kushoto kwangu na ile plastiki ikinigusa nyonga kila hatua, kwa mara ya kwanza tangu Julai sikugeuka nyuma. Nilitembea polepole. Nilijikuta karibu niipigie soga.

Alhamisi, 30 Januari

Mvua tangu Jumapili. Nguo hazikauki. Fauzia: eti Tanga Ramadhani ni lini na huku ni lini?

Jumamosi, 15 Februari

Arusi ya binti wa Mzee Muhammad, Mayfair. Wanawake ukumbini peke yetu, mabuibui yametupwa chumba cha ndani kitandani, rundo jeusi refu kama mtu. Nilivua langu nikalilaza chini kabisa, plastiki ikiwa mfukoni mwake, nikijipongeza kwa akili.

Nilicheza. Niandike hilo. Bibi arusi alipotolewa, mikono yote piko, akina mama wakapiga vigelegele, nikamkumbuka Khatibu alivyonifunua ushungi usiku wetu kule Tanga akakosa neno la kusema, mtu mwenye maneno yale. Nililia nikiwa nacheza. Fauzia aliniona, akaja kuniinamia sikioni, "Kidawa, unakula lakini?" Nikamwambia nakula.

Aliondoka mapema, mtoto ana homa. Nami wakati wa kuondoka nikachomoa buibui langu, nikavaa, na hapo mlangoni nikajua. Jepesi. Halina mfuko.

Mabuibui hayo mawili niliyashona mimi mwenyewe, jora moja, kipimo kimoja, langu na la wifi yangu, Idi iliyopita.

Nimempigia mara nne. Hapokei.

Jumapili, 16 Februari

Kaja mwenyewe, asubuhi, kwa miguu kutoka stendi ingawa hajui njia ya huku. Alikuwa amelifunga buibui langu ndani ya kanga, kanga ndani ya mfuko wa mkate, na mfuko wa mkate ameushika mbali na mwili wake kama samaki aliyeoza. Akauweka mezani, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Chukua kitu chako, Kidawa. Nimekiweka juu ya kabati usiku kucha. Mume wangu amelala sebuleni."

"Fauzia, ni ya plastiki."

"Nini?"

"Ni ya mazoezi. Ya buluu, huoni?"

"Mimi najuaje rangi ya bastola?" akasema, akakaa chini sakafuni.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Alikuwa analia, analia kwa sauti, nikaona si kwa ajili ya plastiki. Nikachuchumaa mbele yake.

"Nimemwambia," akasema. "Jana usiku. Nilipoikuta nilimpigia Khatibu kabla ya kukupigia wewe."

Nikasimama. "Bila shaka. Wewe kazi yako si hiyo? Kila jioni mdalasini, kila jioni uzi. Unapeleka habari. Basi na mimi nipe habari. Anaitwa nani huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Aliyemwoa."

Aliniangalia kama nimemtukania mama. "Kidawa. Mtu huyu halali. Tangu siku ile, kila ikifika saa yako ya kushuka, ananipigia. Kila siku. 'Dada, Kidawa amefika?' Jioni hawezi kupiga mwenyewe. Anasema akisikia simu inaita upande wako tu, anazisikia zile kelele. Akaniapiza nisikwambie. Sasa mimi nitakuuliza nini kila siku ya Mungu? Mdalasini umekwisha, uzi umekwisha, iliki imekwisha. Juzi nilikaa robo saa nikitafuta swali."

Nilikaa na mimi sakafuni. Mvua ilikuwa imeanza. Tulikaa pale wawili, migongo kwenye kabati la sefu. Miezi yote hiyo nilikuwa nafunga geti na mume wangu anangoja upande wa pili kuambiwa.

"Wifi," nikasema mwisho, "iliki natia nzima."

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyekufundisha."

Jumatatu, 17 Februari

Amepiga. Jioni. Nimeshuka kwenye roboti na simu ikaanza kutetemeka ndani ya mkoba, nami sikuthubutu kuipokea barabarani. Nilikwenda kwa hatua za haraka, nikafunga geti, nikafunga mlango, nikaipokea nimesimama gizani na viatu vyenye matope.

"Baba Ummi."

"Umefika?"

"Nimefika."

Akaanza kulia, nami nikamwacha. Alipoweza, akaniambia. Siku ile alikuwa uani kwa mama yake. Aliposikia, alitoka mbio na simu sikioni, miguu mitupu, mpaka barabara kuu, akasimama pale katikati ya pikipiki akiniita kwa kelele, watu wakidhani amechanganyikiwa. "Nilikuwa nakimbilia wapi, Mama Ummi? Hata sijui. Nilikimbia tu."

Nikamwambia niliisikia sauti yake. Hakuwa anajua hilo. Nikamwambia ilikuwa inaniita mpaka mwisho wa mtaa.

Sasa niandike kile nilichojifunza juu yangu. Tangu Novemba nimezikataa bastola zote. Hii nzito, ile pana, ile ngumu. Nilikuwa nangoja. Nilikuwa nangoja habari zimfikie, nikitaka aniambie maneno matatu tu: usinunue, nakuja mwenyewe. Jana usiku furaha ilininyima usingizi, maana habari zilikuwa zimemfikia. Leo kutwa nimeshona vibaya, nimefumua mkono wa gauni mara mbili. Nilikuwa hata nimeamua atalala upande gani.

Khatibu akapenga kamasi. Akasema, "Hizo ulizoziangalia, ipi umeipenda?"

Sikumwelewa. "Ipi nini?"

"Bastola. Fauzia kasema ile ni ya mazoezi. Ya kweli ipi?"

Nikamwambia. Ya ishirini na mbili nyepesi, mkono wangu unaipenda, ila Emery anaicheka. Naini shoti inaruka kidogo. Akauliza inaingia risasi ngapi. Akauliza kama ina kizuizi cha usalama, kama sefu imefungwa vizuri ukutani, kama Ummi anajua. Aliuliza kwa utulivu, taratibu, kama alivyokuwa akiniuliza bei za vitambaa zamani, na kwa kila swali nilizidi kuelewa. Nikakaa kitako hapo mlangoni.

"Chukua naini shoti," akasema. "Utaizoea."

"Nichukue?"

"Chukua." Kisha akaniita jina langu, yeye asiyeniita jina tangu Ummi azaliwe. "Kidawa. Mama hawezi kugeuka kitandani bila mimi. Simwachi. Na wewe huwezi kumwacha mtoto katikati ya masomo. Mimi siji mwaka huu. Sijui nitakuja lini. Nisikudanganye tena kwa miezi mitatu. Nunua kitu kitakachotembea na wewe."

Nilitaka kumtukana. Nilitaka kumwambia kuna wanaume wanaoacha mama zao. Lakini ni huyuhuyu nilimpenda kwa sababu si mmoja wao. Nikasema, "Haya, Baba Ummi." Nikamwambia, "Nimekumiss," kwa neno hilo la kizungu analolicheka, kwa sababu la kwetu lingenivunja.

"Na mimi," akasema. "Mpaka mifupa inauma."

Jumamosi, 22 Februari

Nimechagua naini shoti. Sisi Busisiwe akadhani natania. Nilifyatua mara kumi, saba zikaingia kifuani mwa yule mtu wa karatasi, na moja shingoni. Nimejaza maombi, nimeweka dole gumba kwenye wino. Bastola yenyewe inabaki dukani kwao mpaka kibali kitoke, na kinaweza kutoka hata baada ya baridi kuanza. Plastiki nimeirudisha.

"Mfuko?" akaniuliza.

Nikamwambia nitauhamishia kulia.

Jumapili, 23 Februari

Nimeufumua mfuko wa kushoto. Imechukua muda, mshono ulikuwa imara. Nimeushona kulia, mdomo umeinama vilevile. Kushoto pamebaki matundu madogo ya sindano, hayaonekani usipoyajua.

Jumatano, 5 Machi

Mwezi wa Ramadhani. Mvua zinapungua, jioni zina ubaridi kidogo. Adhana ilinikuta kwenye taxi, kwenye simu ya abiria mmoja Mmalawi; akanipa tende, nami nikampa maji, tukafuturu tukiwa tumebanana na watu wasiojua tunafanya nini.

Nilishuka kwenye roboti sina kitu. Si bastola, si plastiki, si simu mkononi. Nilitembea na hofu yangu yote, kila kivuli nikakiona, na magari yakanipita kushoto. Nikafunga geti. Nikafunga mlango. Nikapiga mimi.

Haikuita hata mara ya pili.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Alhamdulillahi."

Nilimsikia akimnywesha mama yake kitu, kijiko kikigonga kikombe. Sikukata, naye hakukata. Nilitaka kumuuliza, na wewe utafika lini. Nikamuuliza kama Tanga kumeshaanza kunyesha.